Chetezo Kabla ya Kahawa

Ami yangu Musabbah alikaa dakika nne tu katika nyumba aliyozaliwa, kisha nikamfukuza. Sikumtukana wala sikumnyooshea kidole. Nilimfukuza kwa adabu zote, nikiwa na kanzu iliyopigwa pasi na kilemba nilichokifunga mara tatu mbele ya kioo. Nalisema mapema ili mtu asije akakaa akingoja nijitetee. Utetezi sina.

Nyumba hiyo ilikuwa ya babu, ya udongo, ghorofa mbili, katika mtaa wa zamani chini ya mlima, si mbali na Nizwa, kwetu Omani. Babu alipofariki, mitende ilimwendea ami, mkubwa wao, na nyumba ikawa ya baba, kwa sababu ndiye aliyemuuguza mzee mpaka mwisho. Miaka kumi na moja iliyopita baba akaiuza. Kisheria hakukosea. Kosa lake ni kwamba ndugu yake alizipata habari msikitini, kwa mtu baki, wakati anavua viatu. Tangu siku hiyo ami hakumtamkia baba neno. Wakikutana mazikoni, mmoja alisimama upande huu wa kaburi, mwenzake upande ule, na sisi watoto tukajifanya hatuoni.

Fedha za nyumba zilinisomesha mimi. Nilikwenda ng'ambo miaka mitatu nikasomea mambo ya hoteli.

Aliyeinunua, bwana Sinan wa Maskati, aliikarabati akaifanya hoteli ndogo ya vyumba tisa, akaiita Nyumba ya Komamanga. Niliporudi na cheti changu akaniajiri niwe meneja. Kwa hiyo mimi nalipwa mshahara kwa kukaribisha watu kwenye mlango ambao bibi yangu alikaribisha bure. Kijijini walilisema hilo mwaka mzima, kisha wakalichoka.

Sasa nieleze habari ya udi, maana hapo ndipo nilipojichafua. Kwetu mgeni akiingia hupewa tende na halua, kisha kahawa, finjani juu ya finjani mpaka mwenyewe aitikise kuonyesha kwamba ametosheka. Mnaulizana habari, mnazungumza. Mwisho kabisa, mazungumzo yakishafika ukingoni, ndipo mwenyeji analeta chetezo. Mgeni anajifukiza ndevu na mikono ya kanzu, ananyanyuka, anaaga. Baada ya udi hakuna kukaa. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Ukiona chetezo kinaingia, tafuta viatu vyako.

Lakini wageni wa hoteli si wageni wa babu. Kahawa yetu waliionja wakakunja uso, wakaiacha ikapoa. Walichopenda ni moshi. Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja wa Ubelgiji alifukizwa siku anaondoka, akaandika mtandaoni ukurasa mzima juu ya moshi ule, akilalamika jambo moja tu: kwamba aliuonja siku ya mwisho. Nikajiambia, kwani lazima ungoje? Nikauhamishia mwanzo. Mgeni akishuka garini, kabla hajatua mkoba, namlaki na chetezo. Kamera zikatoka. Nyota tano zikamiminika. Bwana Sinan alinipigia simu akicheka. "Muhanna, wewe una akili ya biashara!" Akaleta mpiga picha, nikatengenezewa video ya kuweka kwenye tovuti.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Bi Zuwaina, mpishi wetu, mjane wa mtaa huohuo, alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi akanitazama nikimfukiza Mjerumani na mkewe.

"Meneja," akaniita. Ananiita hivyo akitaka kunidhihaki. "Hao mbona unawafukuza hata hawajakaa?"

"Bi Zuwaina, wao hawajui."

"Wao hawajui. Wewe je?"

"Mimi najua."

"Haya. Tuombe ujue mpaka uzeeni."

Nikacheka. Nilikuwa nacheka sana siku hizo.

Mwaka huu, mwezi wa pili, madaktari walimwambia baba kwamba moyo wake lazima upasuliwe, na akaandikiwa safari ya India. Mtu wa rika la baba hapandi ndege kwenda kupasuliwa kifua huku nyuma ameacha ndugu ambaye hajamsamehe. Hapati usingizi. Akatuma wajumbe kwa ami Musabbah. Wa kwanza akarudi bila jibu. Wa pili akaambiwa, "Mwambie Harib nyumbani kwake siendi, na kwangu asije." Wa tatu, imamu wetu, ndiye aliyerudi na kitu.

"Amesema atakuja nyumbani kwa baba yake," imamu alimwambia baba. "Pale pale. Kwingine hakanyagi. Ijumaa, baada ya alasiri. Na anataka kusikia kwa mdomo wako, si kwa wajumbe."

Ndege ilikuwa Jumapili.

Wiki ile baba alijifunza maneno yake kama mwanafunzi. Nilimsikia bafuni, nikamsikia uani akimwagilia mlimau. "Kaka, nilikuficha kwa kuwa niliona haya." Kisha anaanza upya. "Kaka, sikukuambia, na kosa ni langu." Ana miaka sitini na tisa, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akitafuta neno.

Mimi nikaandaa. Niliwaomba wageni waliokuwapo wapelekwe mlimani mchana kutwa. Nikamwambia Bi Zuwaina atoe tende nzuri kuliko zote, halua ya zafarani, machungwa, kahawa yenye iliki nyingi kama alivyoipenda bibi. Akafanya vyote bila kunidhihaki hata mara moja, ndipo nikajua na yeye ana wasiwasi. Baba akakaa majilisi, chumba cha kupokelea wageni, karibu na mlango, mahali pa mwenyeji, mikono juu ya magoti. Mimi nikasimama nje.

Gari la ami lilipanda kilima polepole, pikapu kuukuu yenye vumbi la shamba. Akashuka na bakora yake. Alikuwa amekonda. Hakuniangalia mimi kwanza, aliuangalia mlango, akaunyooshea mkono, akapapasa mbao.

"Mlango ni uleule," akasema.

"Ndio, ami."

"Mmeupaka mafuta."

"Kila mwezi, ami."

"Mmefanya vizuri."

Hilo lilikuwa neno la kwanza jema kutoka kinywani mwake kwa miaka kumi na moja, na mimi nikalewa nalo. Sijui namna nyingine ya kueleza. Nilimwona baba amepona, nikawaona wazee wawili wakicheka, nikajiona mimi katikati yao, kijana aliyewapatanisha. Ami akaingia. Baba akasimama, wakapeana mikono, mikono ikakaa pamoja muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Wakakaa. Baba akavuta pumzi.

Na miguu yangu ikaenda. Gari limesimama, mlango umefunguka, mgeni ameingia: kwa miaka sita mwili wangu ulijua kinachofuata. Pale kwenye kishubaka cha ukumbini makaa huwa yamewashwa saa zote kwa ajili ya wanaowasili. Nikadondosha vipande viwili vya udi, ule wa bei, nikakishika chetezo kwa mikono miwili, nikaingia nacho majilisi nikitabasamu. Lile tabasamu lenyewe la hotelini.

Nilikuwa nimeshamfikia ami ndipo nikaona uso wa baba.

Tende zilikuwa bado zimefunikwa. Kahawa ilikuwa bado jikoni. Ami alikitazama chetezo, akamtazama baba, akanitazama mimi, na mimi nimekinyoosha mbele yake huku moshi unapanda. Nilitaka ardhi ipasuke. Ningeweza kukirudisha nyuma? Ningeweza kusema, samahani, nimekosea?

Ami ni mtu wa adabu za zamani, hakatai kinacholetwa na mwenyeji. Alikipokea. Akafukiza ndevu upande wa kulia, akafukiza upande wa kushoto, akapitisha mikono ya kanzu. Akanirudishia.

"Mungu awazidishie," akasema. "Mmetukirimu."

Akasimama.

"Kaka," baba akasema. "Musabbah, ngoja..."

"Nimekusikia, Harib. Ungeniambia kwa simu, nisingepoteza petroli."

Bakora yake ikalia kwenye sakafu, kisha kwenye kizingiti, kisha nje. Baba hakunigombeza. Aliweka kiganja juu ya kifua, pale panapouma.

"Umefanya nini, Muhanna?"

"Baba, sikukusudia, ni mazoea tu, ni..."

"Mfuate," akasema.

Nilimkuta ameshawasha gari. Nikashika dirisha kwa mkono mmoja, na wa pili bado ulikuwa umebeba chetezo kama mjinga. Nikakiweka chini.

"Ami, baba hajui chochote. Ni mimi. Nimekosea."

"Mtoto wa Harib, mjukuu wa baba yangu," akasema bila kunitazama, "hajui chetezo kinaletwa lini?"

"Nimesahau, ami."

"Hilo halisahauliki. Kosa kama hilo halipo. Mgeni wa mbali anaweza kulikosea, mwenye nyumba halikosei. Toa mkono, nisije nikakuumiza."

"Wallahi nimesahau!"

"Usiape kwa uongo kumfichia baba yako. Ana haki ya kunifukuza. Ilikuwa nyumba yake."

Nikaelewa kwamba hataniamini. Na alikuwa na haki. Ningekuwa yeye, nami nisingeamini, maana hakuna mtu wa kwetu anayekosea hivyo kwa bahati mbaya. Nilikuwa na ushahidi mmoja tu wa kumtoa baba lawamani, nao ulikuwa mfukoni mwangu, kwenye simu.

Nikaitoa. Nikaifungua ile video ya tovuti, nikamshikia mbele ya usukani.

Akaiona. Huyo mimi, nimevaa kanzu nyeupe na kilemba cha rangi, nimesimama mlango uleule alioupapasa, na chetezo mkononi. Wageni wanashuka garini, wanacheka, wanafumba macho katika moshi. Mimi naongea Kiingereza, naonyesha meno.

"Unasema nini hapo?" ami akauliza.

Kiingereza hakijui. Ilibidi nimtafsirie.

"Nasema... karibuni Nyumba ya Komamanga."

"Na hapo?"

"Ami, basi inatosha."

"Na hapo, nimekuuliza."

"Nasema, kwetu sisi Waomani, tangu enzi za mababu, mgeni hukaribishwa kwanza kwa udi."

"Kwanza."

"Ndio."

"Tangu enzi za mababu."

"Ndio, ami."

"Babu yupi huyo?"

Akaitazama mpaka mwisho, halafu akaniashiria kwa kidole nirudie, nikairudia, nikasimama juani nikiisikiliza sauti yangu mwenyewe ikidanganya kwa furaha. Akauliza nimeifanya mara ngapi. Nikasema kila siku, miaka sita. Akauliza wanalipia. Nikasema imo kwenye bei ya chumba. Aliuliza taratibu, bila ukali, kama daktari anavyomuuliza mgonjwa panapouma. Afadhali angenichapa na ile bakora.

Mwishowe akazima gari. Akaweka mikono juu ya usukani.

"Miaka kumi na moja," akasema, "mimi namlilia baba yako kwa udongo. Udongo! Mvua moja kubwa, unakwenda. Kumbe udongo bado upo na mlango unapakwa mafuta, vilivyokuwa ndani ndivyo vimeuzwa."

Akafungua mlango wa gari. Nikataka kumshika mkono ashuke. Akashuka mwenyewe.

Baba alikuwa bado amekaa vilevile, kiganja kifuani, kilemba amekivua amekiweka pajani. Alipomwona ami mlangoni akajaribu kusimama.

"Kaa, kaa," ami akasema. "Usisimame, una moyo mbovu. Harib, mwanao ametufukuza sote wawili. Mimi nimerudi. Wewe je, unabaki?"

Baba akatazama kutoka kwake hadi kwangu. Hakuelewa, lakini alifunika kichwa haraka na kusogea kumpisha mkubwa wake. Ami akakaa pale pale. Akaweka bakora chini. Akaanza upya, kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

"Kuna habari?"

"Hakuna habari," baba akajibu kama tunavyojibu. "Ni kheri tu. Na kwako, kuna habari?"

"Hakuna habari. Kheri tu."

Miaka kumi na moja. Ami alikuwa amezika mke katika muda huo. Baba alikuwa amepata wajukuu watano na moyo uliochoka. Hakuna habari. Ndevu za baba zikaanza kutetemeka, na ami akamwona, akafunua tende yeye mwenyewe, akamsogezea.

"Kula, mdogo wangu. Kula kwanza, utalia baadaye."

Nikaona nafasi yangu. Mdogo ndiye anayemimina kahawa, na hapo mdogo nilikuwa mimi. Nikakimbilia jikoni, Bi Zuwaina akanipa dele la kahawa, nikarudi nalo katika mkono wa kushoto na finjani katika mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa na bibi humohumo. Nikainama mbele ya ami.

Akaifunika finjani kwa kiganja.

"Si wewe," akasema.

Alisema polepole, hata baba hakusikia vizuri, akauliza, "Amesemaje?" Nikabaki nimeinama. Kisha baba akanyanyuka, mgonjwa, mtu aliyekatazwa kubeba hata kikapu, akanipokonya dele. Kahawa ya kwanza ilimwagika kwenye zulia, ya pili ikaingia finjani. Ami akaipokea kwa mkono wa kulia akainywa. Akanywa tatu, zote kutoka kwa baba, na kila mara baba alisimama na kukaa na kusimama tena, akihema, na mimi nimesimama ukutani mikono mitupu. Mlangoni Bi Zuwaina alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio.

Yale maneno aliyojifunza wiki nzima, baba hakuyasema. Alisema tu, "Niliona haya, kaka, nikakuficha. Basi."

"Nilijua," ami akasema. "Nimekusamehe, mbele ya Mungu na katika nyumba ya baba yetu. Nenda India ukarudi."

Nilikipata nilichokitaka. Wazee walikumbatiana, wakasimuliana habari za mitende na za mfereji, wakacheka jambo la utotoni nisilolijua. Walikaa mpaka maghribi. Udi haukuletwa, hakuna aliyethubutu. Adhana ndiyo iliyomnyanyua ami. Wakatoka pamoja kwenda msikitini, bega kwa bega, na ami alipopita karibu yangu aliniitikia salamu yangu. Aliiitikia kama anavyomwitikia mtu yeyote njiani.

Baada ya swala nilimrudisha baba nyumbani. Nilidhani angekuwa na furaha. Alikuwa ameegemea kiti, akitazama taa za barabarani.

"Ulimwambia nini pale nje," akauliza, "hata akarudi?"

Nikamweleza. Hakuwahi kuiona ile video. Ana simu ya kubonyeza, na watu wa kijijini walimstahi. Nikamweleza yote, hata lile la mababu. Sikuficha, nilikuwa nimechoka kuficha. Tukavuka mzunguko wa soko.

"Ungemwambia mimi ndiye niliyekutuma ulete chetezo," akasema.

"Baba! Asingekusamehe."

"Asingenisamehe, ndio. Nimeishi bila msamaha wake miaka kumi na moja, nilikwisha kuzoea."

"Lakini amekusamehe, baba. Si ndiyo ulichokitaka?"

"Amenisamehe," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Unajua kwa nini? Siku zote Musabbah aliamini mimi nimefaidika, kwamba nimeuza nyumba ya baba nikapata kitu kikubwa. Leo amekiona nilichonunua kwa ile nyumba. Amenionea huruma."

Niliendesha gari. Taa nyekundu ikawaka nikasimama, ikawa kijani na sikuondoka, mpaka aliye nyuma akapiga honi. Tulipofika nikazunguka upande wake nikamfungulia mlango. Akanishika bega kushuka, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kushika, na tukatembea hivyo hadi ndani bila kuangaliana.